Mji wa mimba haukosi damu: barua kuhusu dawa za "kufungua mishipa ya kizazi"

Ndugu Mhariri,

Kwenye kurasa za matangazo, redioni na kwenye simu za wasomaji wako inauzwa dawa yenye ahadi moja kwa maneno mbalimbali: inaongeza damu kwenye kizazi, inapasha joto mji wa mimba, inafungua mishipa ili mimba ishike. Wanaoinunua ni wanawake waliokwisha kuchoshwa na maswali ya wakwe na majirani, na wengi hulipa fedha ambayo ingetosha vipimo viwili vitatu vya maana. Sisi tunaoandika ni wa fani ya afya ya uzazi, na tunaomba nafasi tueleze kosa liko wapi, maana wazo lenyewe si la kubuni tu. Ni kweli kwamba mimba haishiki bila mishipa ya damu. Kosa ni kudhani kwamba damu ikizidi mimba itashika vizuri zaidi. Katika wiki za mwanzo mwili hufanya karibu kinyume cha hivyo.

Yai likirutubishwa hukaa kwenye mrija siku tatu hadi nne likigawanyika. Siku ya tano limekuwa kiinitete: kitufe chenye seli mia moja hadi mia mbili, kina maji ndani, na upana wake haufiki robo ya milimita. Hutoka kwenye ganda lake, hugusa utando wa ndani wa mji wa mimba, hunata, kisha huchimba hadi kufunikwa kabisa. Mwaka 1999 Allen Wilcox na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliopima mkojo wa wanawake kila siku. Katika mimba zilizodumu, asilimia 84 zilishika siku ya 8, 9 au 10 baada ya yai kutoka. Kadiri mimba ilivyochelewa kushika ndivyo ilivyoelekea kuharibika mapema. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, utando huwa tayari kupokea takriban kuanzia siku ya 20 hadi ya 24. Kabla ya hapo kiinitete hakipokewi, na baada ya hapo mlango umefungwa.

Katika siku hizo chache ndipo mishipa ya damu inapofanya kazi yake, na ni kazi ya ajabu. Mji wa mimba ni miongoni mwa sehemu chache sana za mwili wa mtu mzima ambapo mishipa mipya huota na kubomoka kila mwezi bila jeraha na bila saratani. Baada ya hedhi, homoni ya estrojeni huukuza utando kutoka milimita chache hadi 8, 10, pengine 14, na mishipa hupanda pamoja nao. Yai likishatoka, projesteroni huchukua usukani: ateri ndogo hujisokota kama springi, tezi hujaa virutubisho, na seli za utando huvimba zikijiandaa kumpokea mgeni.

Amri ya mishipa kuota hutolewa na protini ziitwazo vichochezi vya ukuaji wa mishipa. Iliyo mashuhuri kuliko zote hujulikana maabara kwa herufi VEGF. Mwaka 1983 Donald Senger, Harold Dvorak na wenzao waliieleza kama kitu kinachofanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na mwenzake, huko California, waliitenga protini inayoamuru seli za mishipa zizaliane, wakaipa jina linalotumika leo. Ikaja kuonekana kuwa ni kitu kilekile kimoja. Maelezo hayo mawili yanafaa kukumbukwa, kwa sababu VEGF huvujisha kwanza, kisha huotesha. Ina ndugu zake. Yupo PlGF, anayetoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma. Wapo pia anjiopoetini wawili wanaopingana: wa kwanza hukaza mshipa uliokwisha kujengwa, wa pili huulegeza ili uweze kujengwa upya.

Kwa nini mshipa uvuje? Kwa sababu utando unaopokea kiinitete lazima ulowe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Alexandre Psychoyos, aliyefanya kazi Ufaransa, alidunga rangi ya buluu kwenye mshipa wa panya wenye mimba changa mno, akasubiri dakika chache, kisha akaufungua mji wa mimba. Kwa macho tu, viinitete havikuwa vimeacha alama yoyote. Lakini mahali kila kimoja kilipotua palikuwa na doa la buluu, kwa kuwa mishipa ya hapo ilikuwa imeanza kuvujisha maji ya damu yenye rangi. Kwa panya, doa hilo ndilo dalili ya kwanza inayoonekana kwamba mimba inashika, na maabara zinalitumia hadi leo kuhesabu viinitete vilivyoshika. Angalia kwamba doa haliuenei mji wa mimba wote. Liko pale tu kiinitete kilipo. Utando ulio sentimita moja pembeni umebaki na rangi yake ya kawaida.

Kazi hii ikizuiwa, mimba haishiki. Kwa panya na kwa tumbili wa aina ya resus (rhesus), kingamwili inayoifunga VEGF ikitolewa siku za kushika mimba, mimba nyingi hushindwa kuanza. Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti yalichapisha kwa wakati mmoja habari ya vijusi vya panya vilivyopoteza nakala moja tu kati ya mbili za jeni ya VEGF. Nusu ilibaki, lakini nusu haikutosha: vyote vilikufa katikati ya mimba, mishipa yao ikiwa imejengwa vibaya.

Muuza dawa akisikia habari hiyo atasema: si ndivyo ninavyosema? Basi asikie na ya mwaka 2000. Watafiti waliongeza VEGF kwa vijusi vya panya mara mbili hadi tatu tu ya kiwango cha kawaida. Navyo vilikufa tumboni, mioyo ikiwa imeharibika. Nusu ya kipimo inaua, na mara mbili ya kipimo inaua. Hatujui kichochezi kingine mwilini chenye uwazi finyu kiasi hiki kati ya kidogo mno na kingi mno, na ndiyo sababu mwili haukikabidhi kwa kitu kimoja. Kinatolewa na tezi za utando, na seli zinazokizunguka kiinitete, na aina moja ya seli za kinga ambayo katika wiki za mwanzo ni takriban asilimia 70 ya seli zote za kinga zilizo hapo. Seli hizo huitwa seli uaji asilia, jina linalotisha bure. Kazi yake kubwa kwenye mji wa mimba ni kutoa VEGF, PlGF na anjiopoetini na kusaidia kuzilegeza ateri. Kliniki zinazouza dripu za mafuta za "kuzituliza" zinawatoza watu fedha ili kuwanyamazisha mafundi wa ujenzi.

Kuna jambo lingine linaloshangaza hata wanafunzi wa udaktari. Kiinitete kikishachimba na kufika kwenye ateri za mama, hakizifungulii damu. Kinaziziba. Seli zake huingia kwenye midomo ya ateri na kukaa kama kizibo, na kwa takriban wiki kumi za mwanzo kinachopenya ni majimaji tu, si damu nzima. Kijusi hulishwa na utomvu wa tezi za utando. Vipimo vilivyofanywa Uingereza na Eric Jauniaux, Graham Burton na wenzao vilionyesha kuwa shinikizo la oksijeni kwenye kondo changa ni chini ya milimita 20 za zebaki wiki ya 8, na hupanda kupita 50 ifikapo wiki ya 12, vizibo vikishaachia. Hali hiyo ya oksijeni haba si ajali. Ndiyo inayoziamsha seli zitoe VEGF, na ndiyo inayokikinga kijusi dhidi ya sumu zinazozalishwa na oksijeni wakati bado hakina ulinzi wake. Mimba nyingi zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza hukutwa zimeingiliwa na damu ya mama mapema mno.

Kwa hiyo anayemwambia mwanamke wa wiki ya sita kwamba kijusi chake kinakosa damu anamwuzia tiba ya hali ambayo ndiyo salama ya mtoto.

Kazi ya damu nyingi huja baadaye. Baada ya vizibo kuachia, seli za kondo huendelea kuvunja misuli ya ateri zile zilizojisokota hadi zinakuwa mirija mipana isiyoweza kujibana, midomo yake ikifika milimita 2 au 3. Mimba inapokomaa, mji wa mimba hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika, na hupita polepole bila kukichana kondo. Ikiwa ujenzi huu wa mwanzo ulifanywa nusunusu, ateri hubaki nyembamba na zenye kujibana, kondo husumbuka, na kitu kingine huanza kutoka: kipande cha kipokezi cha VEGF (sehemu ya seli inayoipokea) kinachoelea kwenye damu, kiitwacho sFlt-1. Huinasa VEGF na PlGF kabla hazijafika zinakotakiwa. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi huko Boston lilionyesha kuwa panya wenye mimba wakiongezewa sFlt-1 hupata shinikizo la juu la damu na protini kwenye mkojo, yaani picha ileile ya kifafa cha mimba. Figo na ubongo wa mama pia huhitaji VEGF kidogo kila siku ili mishipa yao isivuje vibaya. Ndiyo maana ugonjwa ulioanzia kwenye kondo hujitokeza kama kichwa kuuma, macho kuona ukungu na hatimaye degedege.

Ukweli wa kusikitisha ni kwamba kifafa cha wiki ya 32 mara nyingi kilianza kupikwa kabla ya wiki ya 16, wakati mama hajaanza hata kliniki. Dawa inayosaidia ni ya bei ndogo na haitangazwi redioni. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 75 za asipirini kwa siku, kuanzia kabla ya wiki ya 20, kwa mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba, mwenye kisukari, shinikizo la damu la siku zote, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili, au mwenye mapacha. Ni robo ya kidonge cha miligramu 300, na mhudumu ndiye anayepaswa kuamua nani apewe. Kuna pia kalsiamu kwa akina mama ambao chakula chao hakina ya kutosha. Kiwango kinachoshauriwa ni gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, vidonge vikubwa na vingi, na wengi huviacha. Majaribio mawili yaliyotolewa mwaka 2024, moja la India na moja la hapa Tanzania, kila moja likiwa na wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza, yalionyesha kuwa miligramu 500 kwa siku hazikuwa hafifu kuliko 1,500 katika kuzuia kifafa cha mimba. Habari hiyo ilistahili ukurasa wa mbele.

VEGF iliyozidi nayo ina wagonjwa wake. Mwanamke anayefanyiwa upandikizaji mimba, mtoto wa chupa kama wengi wanavyoita, hudungwa homoni ili mayai mengi yakue kwa pamoja, kisha sindano ya hCG, homoni ya mimba, ya kuyapevusha. Akiwa na mayai mengi kupita kiasi, hCG huzifanya ovari zitoe VEGF kwa wingi mno. Mishipa huvuja tumboni, damu huwa nzito, mkojo hupungua. Uzito ukipanda kilo moja au zaidi kwa siku, tumbo likavimba na pumzi ikawa fupi, hiyo ni dharura, si dalili njema kwamba mimba imeshika. Kliniki inayojua kazi yake huzuia hali hii. Hubadilisha sindano ya kupevusha, hugandisha viinitete vyote na kusubiri mzunguko mwingine, na mara nyingi hutoa kabegolini miligramu 0.5 kwa siku kwa takriban siku nane, ambayo hukizuia kipokezi cha VEGF kisifanye kazi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla hajaanza sindano: mayai yangu yakizidi, mpango wenu ni upi?

Na sasa tuseme wazi kuhusu nyongeza zinazouzwa na baadhi ya kliniki hizo. Kukwaruza utando ili "uamke" kulipimwa kwa wanawake 1,364 katika nchi tano, na matokeo yakatolewa mwaka 2019: waliokwaruzwa na wasiokwaruzwa walijifungua kwa kiwango kilekile, asilimia 26.1. Kudunga chembe sahani za damu ya mgonjwa mwenyewe ndani ya mji wa mimba, kwa sababu zina vichochezi vya ukuaji, ni jambo ambalo jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, ESHRE, ilitamka mwaka 2023 kuwa halipendekezwi. Sildenafili, dawa ya kupanua mishipa, kwa utando mwembamba bado haina ushahidi wa kutegemewa. Utando ulio chini ya milimita 7 ni tatizo la kweli, lakini mara nyingi ni dalili ya kitu kilichoharibu mzizi wake: kusafishwa kizazi kwa kukwanguliwa baada ya mimba kuharibika, au kifua kikuu cha viungo vya uzazi. Mzizi ukishakufa, VEGF haina pa kuotesha. Kulala kitandani siku tatu baada ya kupandikizwa nako hakusaidii.

Tunaongeza neno kwa wanaotumia sindano ya miezi mitatu au vijiti, kwa kuwa uvumi wa "damu chafu iliyofungiwa kizazini" unatokana na kutoelewa mishipa hii hii. Homoni ya njia hizo huufanya utando uwe mwembamba, na mishipa yake kuwa mipana yenye kuta dhaifu inayopasuka kwa urahisi. Ndiyo matone yasiyotabirika. Hakuna kilichoganda ndani kinachongoja kusafishwa. Mimba baada ya sindano huchelewa kwa miezi kadhaa kuliko kwa njia nyingine, kisha uzazi hurejea.

Anayetafuta mtoto atumie wapi fedha yake? Kama umri wa mke ni chini ya miaka 35 na mwaka umepita bila mimba, au ni miaka 35 na zaidi na miezi sita imepita, mke na mume waende kupimwa wote wawili. Aanze mume, kwa sababu kipimo chake ni rahisi: ajizuie siku 2 hadi 7, atoe mbegu zote kwenye chombo safi bila kondomu wala mafuta, zifike maabara ndani ya nusu saa hadi saa moja zikiwa na joto la mwili. Mbegu milioni 16 kwa mililita ndicho kiwango cha chini cha rejea katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021. Kwa mke, apimwe kama mayai yanapevuka, kisha mirija kwa eksirei yenye dawa, siku chache baada ya hedhi kukauka, akiwa ametibiwa kwanza maambukizi kama yapo. Katika ukanda wetu, kisonono na pangusa (klamidia) ambazo hazikutibiwa, pamoja na maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, zimeziba mirija ya wanawake wengi ambao vizazi vyao havina kasoro. Mrija ukiziba, kiinitete hakifiki hata kwenye utando tunaouzungumzia. Na asimeze diklofenaki au ibuprofeni kila siku katikati ya mzunguko bila ushauri, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kulizuia yai lisitoke.

Kuhusu vifurushi vinavyowekwa ukeni "kuvuta uchafu", tunasema kwa mkato: havifiki kwenye mji wa mimba, huua bakteria walinzi wa uke, na ute unaotoka baadaye ni jeraha la ngozi ya ndani, si uchafu.

Upungufu wa damu mwilini ni jambo jingine kabisa. Hupimwa kwa tone la damu kidoleni, na hutibiwa kwa madini chuma na asidi ya foliki. Ni tiba halali na ya lazima kwa wanaohitaji, ila haina uhusiano na kuotesha mishipa ya kizazi, na muuzaji anayeyachanganya mawili hayo anajua anachofanya.

Ombi letu kwako, Mhariri, linahusu meza ya matangazo. Tangazo linapodai kuongeza damu kwenye mji wa mimba, mwulizeni mwenye bidhaa mambo matatu kabla ya kupokea malipo: dawa imesajiliwa na mamlaka ya dawa kwa matumizi gani, ina nini ndani na kwa kiasi gani, na ni wanawake wangapi walioitumia waliojifungua ukilinganisha na wasioitumia. Asipojibu la tatu, ukurasa ubaki wazi, au nafasi hiyo apewe mkunga wa zahanati aeleze kwa nini mama afike kliniki kabla ya wiki ya 12 na apimwe shinikizo kila anapohudhuria.

Wasomaji wenu wa fani ya afya ya uzazi,
Dar es Salaam